Shamba Namba Kumi na Nne

Mbuvi wa Munyao hakuwa mwendawazimu. Nasema hivyo mapema kwa sababu mwaka ule wa hamsini na saba, kama ungepita hapa Gitothua, ukingoni mwa Ruiru, saa kumi alasiri, ungemkuta amelala chali juu ya gunia nyuma ya nyumba zetu za mabati, jicho moja amelifumba, kichwa amekiingiza chini ya mashine ya miguu mitatu, kama fundi anayetengeneza lori ambalo halipo. Ungetoa uamuzi wako ukaenda zako. Mimi sikuweza kwenda zangu. Tulipakana ukuta kwa ukuta, na chakula chake nilipika mimi, Warigia, Mama Ngendo kwa majirani, muuza uji wa langoni kwa wachuma kahawa.

Alikuwa Mkamba wa Kangundo, mrefu, mkavu, mwenye adabu hadi inachosha. Mkewe Syombua alikaa nyumbani na watoto, na kila mwisho wa mwezi alikuja na kikapu cha mbaazi na maswali mengi. Kazi ya Mbuvi ilikuwa kushika cheni. Wapimaji wa ardhi wa serikali, wale wa Thika, walikuwa na cheni ndefu ya chuma. Mzungu alisimama nyuma ya mashine akichungulia, na Mbuvi alishika mwisho wa cheni na kusimama pale alipoambiwa, hata kama ni ndani ya upupu. Miaka kumi na mmoja alichunguliwa na mashine ile. Yeye kuichungulia hakuruhusiwa hata siku moja.

Kisha, mwaka wa hamsini na nne, mashine ikaanguka kutoka kwenye lori karibu na daraja la Chania. Sahani yake ya kupimia pembe ikapinda, ikawa haifai kwa kazi, na mpimaji akamwambia Mbuvi aitupe mtoni. Mbuvi akautazama mto, akaitazama mashine, akaibeba begani kwa miguu mpaka Gitothua. Nyakati zile za hali ya hatari askari walimsimamisha mara tatu njiani, na mara tatu aliwaambia ukweli, kwamba ni kitu kibovu ameambiwa akitupe. Wakamwacha. Mbuvi alikuwa mtu wa kusema ukweli kama wengine walivyo watu wa kunusa ugoro.

Aliniambia alitaka tu kutazama reli. Akaisimamisha mashine, akaizungusha, ikanasa mwezi, maana alasiri ile mwezi ulikuwa juu tayari, nusu, mweupe kama kipande cha sabuni. Nilisikia ukelele nikadhani ameingiwa na siafu.

"Mama Ngendo! Kuja uone! Kuna mtu amechimba huko!"

Nililala juu ya gunia, mtu mzima mimi, nikatia jicho. Haki ya Mungu, niliona uji unaochemka ulioganda ghafla. Mashimo, na mashimo ndani ya mashimo, na kingo zenye vivuli. Nikaishusha mashine kidogo, nikamwona mbuzi wa Kang'ethe mwenye bucha anakula majani miguu ikiwa juu angani. Nikapiga ukelele wangu.

"Hapana ogopa," Mbuvi akasema. "Mashine ya kupima iko hivyo yote. Ya juu inakuwa chini, ya kushoto inakuwa kulia. Wapimaji wanazoea."

"Na huko juu ni nani amechimba?"

"Sijui. Lakini hakuna mtu amepima." Alisema hivyo kwa uchungu, kama mtu aliyeona sahani chafu imewekwa kabatini.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Kazini aliokota karatasi moja kubwa, ngumu, iliyotupwa kwa sababu ya doa la wino. Juu ilikuwa na taji la serikali na mistari ya kuandikia jina la wilaya. Nyuma yake ilikuwa tupu, na pale nyuma Mbuvi akaanza kuuchora mwezi. Kafyu ya kutotoka nje ilianza saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo hakuwahi kuuchora mwezi wakati ambao watu wengine huutazama. Aliuchora mchana. Mwezi ukikua aliuwahi alasiri. Ukipungua aliuwahi asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kivuli alikipaka kwa kidole gumba, na gumba lake lile likabaki jeusi miaka mitatu. Kila shimo alilipa namba, kwa sababu ofisini kwao kila kitu kilikuwa na namba. Akatia na mshale wa kaskazini. Nilimuuliza kaskazini ya mwezini ataijuaje. Akasema ramani bila mshale si ramani.

Nilimcheka sana. Nilimwambia mtu mwenye akili huchora kitu anachoweza kulima. Yeye alijibu "Ni kweli, Mama Ngendo," akaendelea kupaka. Nilikuwa mkali kwake kuliko alivyostahili, na sababu haikuwa yeye.

Sababu ilikuwa vipande vinne vya shamba. Mume wangu Gathecha alikuwa kizuizini Manyani, mwaka wa nne, na vipande vyake vilikuwa huko kwenye kigongo cha Gathugumo, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ruiru. Serikali ilikuwa imeanza kukusanya mashamba. Vipande vya mtu vilivyotawanyika viliunganishwa vikawa shamba moja, likatiwa vigingi na namba, na kamati ya wazee ndiyo iliyosema kipi ni cha nani. Nani angesema kwa niaba ya Gathecha? Mke wa mtu wa kizuizini akisimama mbele ya kamati ile, wazee walianza kukohoa. Na karani wa kamati alikuwa Gerishon, ndugu yake Gathecha, shemeji yangu, mwenye koti la kahawia na filimbi shingoni. Gerishon alikuwa amekwisha kusema hadharani, mlangoni mwa kanisa, kwamba vipande vile vilikuwa vyake tangu mwanzo, na kwamba Gathecha aliazimwa tu. Baraza la kusikiliza kesi yetu lilikuwa limebaki miezi miwili. Nikishindwa, Gathecha atarudi, kama atarudi, na hana mahali pa kuweka hata jembe. Nililala na neno hilo na kuamka nalo.

Sasa wazimu wenyewe ulianza hivi. Kang'ethe mwenye bucha alikuja kumtafuta mbuzi wake, akamkuta Mbuvi chini ya mashine ya serikali, na karatasi ya serikali kando yake, imejaa viduara vyenye namba, mipaka na mshale. Kang'ethe alitazama karatasi, akatazama kushoto na kulia, akachuchumaa.

"Bwana Mbuvi," akanong'ona, "hii ni shamba ya wapi?"

"Hii si shamba. Hii ni mwezi."

Kang'ethe akatabasamu polepole. "Naelewa. Wewe ni mtu wa siri. Sitauliza tena." Akauliza tena. "Iko na maji?"

"Hakuna maji. Hata tone."

"Na watu? Kuna watu wanakaa huko?"

"Hakuna mtu hata mmoja."

Usoni mwa Kang'ethe niliona kitu nilichokiona kanisani tu, siku za ubatizo. Ardhi isiyo na mtu! Mwaka wa hamsini na saba, na sisi tulivyokuwa tumebanwa kama njegere katika ganda! "Na ni mbali?" akauliza.

"Mbali sana."

"Kupita Nanyuki?"

"Kupita kabisa."

Alimsahau mbuzi wake. Kufikia Jumapili Ruiru nzima ilijua kwamba serikali inagawa mashamba ya Wazungu, kupita Nanyuki, na kwamba ramani iko Gitothua kwa Mkamba mmoja aliyeapishwa asiseme.

Wakaja. Walikuja alasiri kwa sababu ndipo Mbuvi alipokuwa nje. Walikaa kwenye nyasi kwa heshima, wakimngoja amalize kuchungulia. Magdalene wa chama cha akina mama aliuliza kama kuna kanisa huko. Mbuvi akasema hakuna. Shule? Hakuna. Hospitali? Hakuna. "Bwana asifiwe," Magdalene akasema, "basi ni mpya kabisa, hatutakuta imeharibiwa." Mzee mmoja alitaka namba tisa kwa sababu ilikuwa na kivuli, na ng'ombe wake hawapendi jua. Kang'ethe na shemeji yake walipigana ngumi juu ya mpaka wa namba ishirini na mbili, ambayo wote wawili walikuwa hawajawahi kuifikia, na shati la Kang'ethe likachanika mgongoni.

Kila mmoja Mbuvi alimwambia ni mwezi. Alisema kwa upole, alisema kwa Kiswahili, alisema kwa Kikamba, akawaonyesha kwa kidole. Walitazama kidole, wakacheka, wakasema mtu huyu ameiva. Nilipoona anateseka nikasimama mimi, nikawaambia, "Nyinyi watu, ni mwezi! Ule pale! Mna macho?" Wakanong'onezana kwamba mimi nimekwisha kupata wangu. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja.

Mbuvi aliingia ndani akaketi. "Mama Ngendo," akaniambia, "kwani nasema vibaya?"

"Unasema vizuri. Ndiyo shida."

Habari ikafika kwa Gerishon. Alikuja Alhamisi na askari wawili wa ulinzi, filimbi mdomoni, akaamuru vyumba vipekuliwe. Changu walikipindua kama kawaida. Cha Mbuvi hakikuwa na cha kupindua. Gerishon aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni penye mwanga, na nikaona macho yake yakitembea kutoka duara hadi duara mpaka yakasimama. Namba kumi na nne. Ilikuwa pana kuliko nyingine za upande ule, ukingo wake umezunguka kama boma, na katikati palikuwa na kilima kidogo, kama punje. Kilima kile Mbuvi alikuwa amekihangaikia wiki nzima.

"Hiki ni kitu gani hapa katikati?"

"Ni kilima," Mbuvi akasema. "Lakini bwana Gerishon, hii ni mwezi."

"Kilima," Gerishon akasema peke yake. Nilimjua mtu yule tangu nilipoolewa. Nilijua kwamba tayari amekwisha kujenga nyumba ya mawe juu ya kilima kile, na amekwisha kuketi barazani akiwatazama vibarua wake pande zote nne. Akaikunja karatasi akaitia ndani ya koti. "Hii imechukuliwa na serikali."

Serikali haikuiona. Aliificha chini ya godoro lake. Mkewe mwenyewe alilitangaza hilo mtoni.

Mbuvi alikuwa kama mtu aliyenyang'anywa mtoto. Lilikuwa limebaki jambo dogo, ukanda mwembamba wa pembeni, kisha mwezi wote ungekuwa umepimwa, wa kwanza kupimwa Gitothua. Alitembea hadi kwa Gerishon kuuomba. Alisema, "Ni mwezi, bwana, haina faida kwako." Gerishon akamkonyeza. Akaenda mara ya pili, Gerishon akamwambia ameshaelewa, asijichoshe. Mara ya tatu akarudi na kuku mweupe kwapani.

"Amenipa," akasema, akiwa amesimama mlangoni kwangu. "Anasema ni ya kufunga mdomo. Nimefungua mdomo siku zote, Mama Ngendo. Nifanye nini na kuku?"

Hakutaka kuila rushwa, na kuirudisha aliogopa. Kuku akakaa kwangu akataga.

Siku ya baraza nilivaa kitenge changu kizuri na kuomba Mungu anipe ulimi usiotetemeka. Nilikuwa nimetafuta mashahidi wawili, na wote wawili asubuhi ile waliugua tumbo. Wazee wa kamati walikaa kwenye benchi chini ya paa la nyasi la shule, Gerishon mezani na daftari. Walipolitaja jina la Gathecha nikasimama, nikafungua mdomo. Gerishon akasimama pia.

"Wazee," akasema, "sitaki maneno na mke wa ndugu yangu. Damu ni damu. Vipande vinne ninaviachilia vyote, viandikwe Gathecha. Mimi nitatosheka na namba kumi na nne."

Wazee wakatazamana. Namba kumi na nne ya wapi? Hakuna aliyeuliza. Kila mzee aliogopa kwamba ni yeye peke yake asiyejua, na yule wa namba tisa aliitikia kwa kichwa kwa nguvu kuonyesha kwamba anajua sana. Gerishon akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa misheni, kwamba yeye, kwa hiari yake, ameachilia vipande vinne, na amechukua namba kumi na nne kama ilivyo kwenye mchoro. Akatia sahihi. Wazee wakatia vidole. Mimi nilikuwa bado nimefungua mdomo.

Nilirudi Gitothua karibu kwa kukimbia. Nilimwambia Mbuvi yote, nikicheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Lakini kumi na nne iko mwezini," akasema.

"Najua."

"Yeye hajui."

"Umemwendea mara tatu kumwambia!"

"Amebadilisha shamba na kitu haiko. Mama Ngendo, hiyo si haki."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Nilimwambia haki ni Gathecha kukuta shamba lake, na kwamba mwizi akijiibia mwenyewe ni baraka. Nilimsihi, na kusihi si kawaida yangu. Akavaa koti, akatembea tena hadi kwa Gerishon. Nilikaa kwenye gunia lake nikimchukia kwa moyo wangu wote.

Alirudi jua likishuka, mguu mmoja wa suruali umeraruliwa na mbwa.

"Amesema nini?"

"Amesema nina wivu. Amesema nataka kumtisha ili kumi na nne nichukue mimi."

Nikamshonea suruali.

Baada ya hapo zilikuwa siku sitini za mtu yeyote mwenye malalamiko kuyaleta. Nilizihesabu kwa mkaa ukutani. Hakuna aliyelalamika. Vigingi vikapigwa Gathugumo. Vipande vyetu vinne vilikuwa shamba moja, kutoka barabarani juu hadi mtoni chini, udongo mwekundu, na nililitembea lote peku nikilia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.

Siku ya sitini na tatu Gerishon alichoka kungoja vigingi vyake. Akaitoa karatasi chini ya godoro, akaenda Thika kwa Bwana DO, ofisa Mzungu wa serikali, akaomba aonyeshwe namba kumi na nne.

Ndipo tukaitwa wote: mimi, Gerishon na Mbuvi. Bwana DO alikuwa kijana mwenye pua iliyobambuka kwa jua. Watu walisema wakati wa vita alikuwa baharini, kwenye meli, na huko alijifunza mambo ya nyota. Karatasi ilikuwa mezani kwake. Aliitazama kwa muda, akainua kichwa, na nilipoona macho yake nikajua ameelewa.

"Mimi nafikiri," akasema, "hii ni mwezi."

Mtu mmoja! Katika wilaya nzima, mtu mmoja wa kuuona ukweli, na akawa yeye, na ikawa leo.

Akatueleza taratibu. Kama ni mwezi, Gerishon amebadilishana shamba na mwezi, na sheria haimruhusi mtu kubadilishana shamba na mwezi. Maandishi yote yatafutwa, na vipande vinne vitarudi mbele ya kamati. Kama si mwezi, ni takataka tu, basi Gerishon hakubadilishana na kitu chochote. Ameachilia kwa hiari yake, kwa mkono wake mwenyewe, na yamekwisha. Msiniulize akili hiyo ilitoka wapi. Serikali ilikuwa na akili yake, iliiweka kwenye mafaili.

Gerishon hakuwa mjinga, alikuwa mlafi tu. Nilimwona akilitafuna neno hilo, akalimeza, kisha akaruka kutoka kitini.

"Ni mwezi, Bwana!" akapiga kelele. "Ni mwezi kabisa! Huyu Mkamba mwenyewe amekuja kwangu kuniambia mara nne! Muulize!"

"Mara nne alikuambia ni mwezi," Bwana DO akasema, "na bado ukataka shamba huko?"

"Sikumwamini! Sasa namwamini! Namwamini sana!"

Bwana DO akachukua darubini yake ya kushika mikononi, ile ya macho mawili, akatoka barazani, na sisi nyuma yake. Ilikuwa saa kumi. Mwezi ulikuwa pale juu upande wa mashariki, nusu, mweupe, hauna habari na mtu. Akautazama. Akaishika karatasi kama mshale wa Mbuvi ulivyoelekeza, akatazama tena. Juu, chini, juu, chini. Akakunja uso.

"Mabaka ya mwezi iko mkono wa kushoto," akasema. "Ya karatasi iko mkono wa kulia. Hii mashimo mengi iko kushoto, na huko juu kushoto hakuna mashimo mengi. Hapana. Haifanani."

Nilijua kwa nini haifanani. Nilikuwa nimelala juu ya gunia lile, nilikuwa nimemwona mbuzi wa Kang'ethe miguu juu. Darubini ya Bwana DO ilionyesha vitu vilivyo. Mashine ya Mbuvi iliviona kinyume, na Mbuvi alichora kama alivyoona. Ilihitajika neno moja tu: geuza. Geuza karatasi, Bwana, na kila shimo litakaa mahali pake.

"Wewe," Bwana DO akamwambia Mbuvi. "Ulichora hii wewe?"

"Ndiyo, Bwana."

"Ni mwezi?"

Mbuvi aliitazama karatasi. Niliona gumba lake jeusi likianza kujizungusha kidogo, hivi, peke yake, kama linaloonyesha jinsi ya kugeuza. Halafu akaufumba mkono. Mimi nilikuwa na neno lile lile mdomoni, na nilimeza mate juu yake. Siombi radhi.

"Bwana," Mbuvi akasema, "mimi nashika cheni tu. Mambo ya mwezi sijui. Hii nilikuwa najaribu penseli."

"Mwongo!" Gerishon akalia, na machozi yalimtoka, ya kweli. "Mwongo wewe! Ni mwezi! Bwana, ni mwezi!"

Bwana DO alimwambia Gerishon aende nyumbani akalale. Kisha akampa Mbuvi karatasi. Nilidhani amerudishiwa, nikafurahi. Lakini nyuma ya ofisi palikuwa na pipa ambalo tarishi alichomea makaratasi, na kwa sababu karatasi ya taji haikupaswa kuwa mikononi mwa mshika cheni, Bwana DO akamwamuru aitie mle yeye mwenyewe, akasimama kuhakikisha. Mbuvi hakuikunja. Aliiweka bapa juu ya moto kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Miaka mitatu iliungua kwa muda wa kuchemsha chai ya mtu mmoja.

Tulitembea kwenda stendi. Mimi ndiye niliyeanza kusema.

"Ungesema tu geuza," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, sijui ya nini, labda ya deni kubwa namna ile ambalo sikuomba. "Mwezi wako wote! Na wewe hujui kusema uongo!"

"Mama Ngendo," akasema, "nimesema kweli mara nne, nikapewa kuku. Nimesema uongo mara moja, umepewa shamba. Sasa sijui nifundishe watoto nini."

Wiki hiyo hiyo alipata karatasi nyingine, ya kufungia sukari, akaanza upya kutoka namba moja.

Gathecha alirudi mwaka wa hamsini na tisa, amekonda, akalikuta shamba lake Gathugumo, limelimwa, lina mahindi na kahawa changa. Alilitembea kama nilivyolitembea mimi. Alipofika kule juu, mahali penye udongo mzuri kuliko wote, akasimama akauliza kwa nini pale hapajalimwa, pako wazi tu, nyasi fupi, na gunia limetandikwa.

Nikamwambia ni pa Mbuvi, anakuja Jumamosi alasiri na mashine yake. Hatua nne kwa nne. Nilizipima mwenyewe na kumpa, mimi niliyekuwa tayari kumuua Gerishon kwa hatua moja.